Kisanduku cha Jumanne

Tartu, mwezi wa pili. Theluji imeziba nusu ya dirisha,
na mwanga uliobaki bado ni mkali kwa Leelo.
Ana miaka minane. Miguu haifiki sakafuni.
Kiganja kimefunika jicho la kushoto
kama kifuniko juu ya chungu kinachochemka.

Daktari Viive hamuulizi, "Unaumwa wapi?"
Ameliuliza hilo miaka kumi na miwili,
watoto mia nne wakagusa kichwa,
na kichwa ni nchi kubwa.
Anasogeza karatasi na kalamu za rangi.
"Nichoree."

Nyundo wamechora wengi. Faili limejaa nyundo,
misumari, radi, shoka moja.
Leelo anachora darasa lao, madawati yote,
kisha anachukua raba
na kufuta katikati, taratibu,
mpaka mwalimu hana uso, ubao hauna herufi.
"Kwanza huwa hivi. Halafu ndipo kinapanda."

Daktari anaandika: dakika ishirini. Kutapika. Harufu ya kabichi.
Anampa daftari la visanduku, kimoja kila siku:
siku ya maumivu, duara jeusi; siku njema, jeupe.
Swali la kumi na saba: "Na katika ukoo, nani mwingine?"
Mama anatikisa kichwa. Kalamu inaandika *hapana*.

Bibi Hilja, aliyekuja kwa kuwa gari ni lake,
anavua kofia ya sufu.
"Mimi nilikuwa najilaza zizini, kule shamba la ushirika,
gunia usoni. Ng'ombe hawana maswali.
Msimamizi aliniandika mvivu.
Siku thelathini na moja, mwaka ule. Nilizihesabu.
Nilidhani ndiyo tabia yangu."

"Ni kipandauso," anasema Viive.
Bibi analirudia jina polepole,
kama anayejaribu kiatu dukani akijua hana pesa.
Viive anaomba raba ya Leelo
na kufuta *hapana*.

Aprili, daftari linarudi kwa posta, limelowa pembeni.
Nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyeupe.
Jumanne ya wiki ya tatu hakuna duara:
kuna ng'ombe, mdogo kama punje ya dengu,
amelala, pembe zimetokeza nje ya mstari.

Kompyuta inapokea sifuri hadi kumi.
Viive amepunguza taa, kishale kinapepesa.
Hajui ng'ombe ni ngapi.