Pale Penye Deni

Walimshusha kwa tuktuk mlangoni kwangu, Kengeleni,
mguu mmoja una kiatu,
wa pili umeviringwa leso nisiyoijua,
mdomo umekwenda upande
kama nguo iliyoanikwa kwa kibanio kimoja.
"Mama Wakio, mumeo huyu," dereva akasema,
"nami nimelipwa nauli ya kuja tu."

Miaka miwili na miezi minne, Mtwapa.
Huko alikuwa na kitanda, na friji, na mtu wa kumwandalia.
Huku mimi nilikuwa na daftari dukani kwa Bafadhili,
kurasa tatu za unga, sukari, mafuta ya taa,
nimeziandika mwenyewe kwa herufi ndogo ndogo
kana kwamba deni likibanwa hupungua.

Nikasema, sitamwosha.
Nikamwosha.
Maji ya kisima, ya chumvi, ya kununua kwa mtungi,
sabuni haitoi povu. Nikasugua kwa hasira,
na hasira, Mungu nisamehe, ilitakatisha.
Msiniite mvumilivu.

Padri alikuja, akasoma, akaondoka.
Alhamisi wakaja akina mama wa kanisani, hawakusoma kitu.
Mama Mghoi alifungua kilemba, akaosha masufuria.
Mwingine akaketi juu ya ndoo, akamkata mgonjwa kucha
huku akimsimulia bei ya nazi.
Na Bi Mwanakombo wa chumba cha pili,
alipokwisha kuswali alasiri,
akaleta uji wa mchele wenye iliki:
"Mpoeshee."
Nilikuwa nimeomba nguvu.
Nililetewa kijiko.

Daktari wa Makadara alisema maneno yamekwenda,
huenda yakarudi, huenda yasirudi.
Kweli. Jina langu lilimshinda.
Chai aliiita gari. Wakio alimwita dirisha,
na mtoto, miaka kumi na minne,
aliyekuwa ameapa kutomjibu babake mpaka kaburini,
akasema, "Abee,"
kisha akaenda uani, akakaa huko
mpaka mbu wakamrudisha.

Usiku mmoja stima ikapotea.
Nikaanza sala ile ya utotoni, ya kila mtu,
kwa mazoea tu, kama apapasaye kiberiti.
Na gizani sauti ikanifuata.
Ya kwake. Nzima.
Baba, mbingu, jina, ufalme, hakukosa hata neno.
Ulimi ulioshindwa na chai ukapita humo
kama mtu atembeaye nyumbani kwa mamake bila taa.

Tukafika kwenye riziki ya leo, tukavuka.
Tukafika pale penye deni na wadeni,
na mimi, mwenye ulimi mzima, nikakwama.

Akaendelea peke yake.
Nikamsikia akiomba asamehewe,
nikamsikia akisema naye anasamehe,
nikacheka gizani kicheko kibaya:
Wewe, Mwakisha? Unamsamehe nani wewe?
Kisha nikakumbuka ile Krismasi
alipokuja na mfuko wa mchele begani
nami nikaumwaga mtaroni, kilo zote tano,
Wakio akitazama.

Sijui kama anajua anachokisema.
Daktari naye hajui.

Leso ile niliifua. Nilitaka kuichoma,
nikaifua, sasa ndiyo tunayomfutia jasho.
Asubuhi kuna mtungi wa kununua,
kuna mpira wa kufinya mara ishirini;
jana alifikisha kumi na moja, akatuangalia kama mshindi.
Bafadhili amefungua ukurasa wa nne, hajasema neno.

Na kila saa tatu usiku tunaanza upya, watatu sasa.
Siku nyingine nauruka mstari ule.
Siku nyingine nashika nusu yake, natulia,
naye hanipiti tena. Ananingoja,
kidole chake chenye uhai kikigonga ubao wa kitanda,
taratibu, bila kunihimiza.

Jana nilifika "kama sisi".
Leo najaribu tena.