Gramu Tisini

Kwa miaka ishirini na sita nilitengeneza karatasi
kando ya mto Kymi, mashine ya tatu, zamu ya usiku.
Kisha watu wakaacha kuandikiana,
kiwanda kikafungwa siku ya Jumanne,
tukapewa kila mmoja kipande cha keki na mkono wa kwaheri.

Sasa naomba kazi, nao wananikataa kwa baruapepe.
Tazama uungwana huo:
hata karatasi ya kunikatalia hawanunui,
halafu wanauliza kwa nini sina kazi.

"Tumevutiwa mno na wasifu wako, ila..."
Hadi leo nimevutia kampuni arobaini na moja.
Ujanani, nikiwa na nywele, sikuvutia hivyo.
Irmeli, mke wangu, anamenya viazi bila kuinua macho:
"Mimi nilikuajiri bila kusoma wasifu.
Ndiyo maana wenzangu siku hizi wanasoma."

Wasemao mtafutaji hachoki
hawajawahi kujaza fomu ya mtandaoni
inayofuta kila kitu ukifika ukurasa wa tisa.

Kwenye ofisi ya ajira, mshauri wangu Vilhelmiina,
mdogo kwa umri kuliko buti zangu za kazi,
ananifundisha kutabasamu kwa ajili ya picha.
Natabasamu.
Anaishusha kamera taratibu.
"Bwana Taisto, turudi kwenye ule uso wa kwanza."

Safari nyingine nilisailiwa na kompyuta.
Sauti tamu, mwenyewe hayupo.
Jieleze kwa maneno matatu, ikasema.
Nikajibu: Nafika kwa wakati.
Ikanishukuru kwa kushiriki.

Saa nane za usiku naamka, saa ya kahawa ya zamu.
Mwili haujapokea barua ya kuachishwa.
Nalala chali nikisikiliza pale palipokuwa na ngurumo.
Theluji inarundikana juu ya paa la kiwanda
na chini yake hakuna tena joto la kuiyeyusha.
Hapo sina mzaha. Sitajidai ninao.

Na yuko Ensio, nyumba ya tatu kutoka kwetu,
mwenzangu wa mashine, bega kwa bega.
Tangu Novemba hafungui mapazia.
Kila Jumamosi namburuta hadi sauna
tusomeane barua zetu za kukataliwa.
Nazichapisha maktaba, senti thelathini ukurasa,
mchango wangu kwa sekta.
Aliyekataliwa vibaya zaidi anapewa soseji.
Wiki iliyopita alishinda yeye: "Mpendwa Bi Ensia."
Mimi nilicheka hadi nikateleza kutoka kwenye benchi.
Yeye aliitafuna soseji yake kama anayetumikia kifungo.

Jana posta ikaleta bahasha.
Bahasha, yenye stempu, yenye mate ya mtu!
Bi Sylvi Haapakoski, mwenye duka la vifungo,
anaandika kwa kalamu ya wino:
"Nina vifungo elfu kumi na wateja wanne.
Kazi sina. Hata mimi mwenyewe hapa nimezidi.
Ila ulivyoomba ni vizuri, nikaona si adabu kunyamaza."

Nikaiinua dirishani, mazoea ya mikono tu.
Gramu tisini.
Nikaipapasa. Ya kwetu.
Na pembeni, kushoto, mstari mwembamba kama unywele:
ile roli iliyochakaa, ule mwezi Machi,
nilipomfokea Ensio asimamishe mashine
naye akatikisa kichwa, akaendelea kunywa kahawa.

Nikavuka theluji na kandambili.
Sikubisha hodi. Nikavuta mapazia yake kwa mikono yangu,
nikamwekea karatasi kwenye mwanga.

Aliitazama muda mrefu.
Kidevu kikaanza kumcheza, kisha mabega.
"Nilikuambia," akasema,
"hakuna atakayeuona."