Watoto: Watatu

Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana Kaloleni,
chumba cha nyuma ya ukumbi, chenye harufu ya rangi na ndizi za mtu.
Viti kumi na vinne, wanachama tisa.
Ada shilingi mia mbili, chai humohumo, mandazi ukiwahi.
Bwana Maskarenhas, karani mstaafu wa reli, ndiye katibu;
kalamu yake ni ya wino, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Hatujuani kwa ukoo. Tunajuana kwa tulichopoteza.
Bi Zamzam wa Kibra anatafuta kaburi lililohamishwa.
Ndambuki, nyanya aliyebadili dini, jina na mtaa katika wiki moja.
Na Gathiomi, aliyekuja akitaka ushahidi wa babu shujaa,
miezi saba kapekua, akapata faini:
shilingi kumi, kwa kukutwa na debe la muratina uvunguni.
Siku ile tulicheka hadi chai ikapoa.
Hukumu kaitia fremu. Iko sebuleni kwake.

Mimi namtafuta babu, Kisia wa Amugune,
mfagizi wa manispaa, nambari ya kipande haijulikani.
Vihiga wanamtaja kwa sentensi moja:
"Alikwenda Nairobi, akarudi na koti."

Ilikuwa Jumanne, Nyaraka za Taifa.
Nje mji unapiga honi; ndani hata vumbi limestaafu.
Dada wa kaunta akaniletea daftari la kodi za nyumba,
kurasa zikivunjika pembeni kama kaukau.
Nikateremka kwa kidole: Kasimu, Kathuku, Kibisu,
na hapo, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka:
KISIYA AMGUNI. Chumba kimoja. Mke: mmoja. Watoto: watatu.

Nikasoma tena. Kwetu ni wawili.
Marehemu baba, na shangazi Rasoa.
Wawili kwenye picha, wawili kwenye sala,
wawili kwenye kesi ya shamba.
Nikadhani karani kakosea; mtu anayeandika Amguni
atashindwaje kuzidisha mtoto?
Lakini mwezi uliofuata: watatu.
Na uliofuata.
Mwezi wa nne kuna mstari mwekundu, mwembamba,
umepita juu ya neno hilo,
na pembeni yake: wawili.
Kodi haikupungua.

Shangazi Rasoa ana miaka themanini na moja, yuko Jericho kwa bintiye.
Nilimkuta akichagua mchele kwenye ungo.
Nikamwonyesha nakala. Hakuvaa miwani.
Akatoa jiwe, akaliweka kwenye mkono wa kiti.
Akatoa la pili.
"Huyo alikuwa na meno mawili," akasema. "Ya chini."
Mchele ukaendelea.
"Aliniuma hapa." Akanyoosha kidole cha shahada.
Hakikuwa na kovu,
nami nikakitazama kuliko adabu inavyoruhusu.

Jina? Halijui. Alikuwa na miaka mitano,
na mama yao alilifungasha jina lile pamoja na nguo,
akalipeleka asikoambiwa mtu.
"Mimi nilimwita Nyau. Alilia kipaka."

Jumamosi nikasimama na ripoti yangu.
Katibu akaniuliza anayowauliza wote: jina, mwaka, chanzo.
Mwaka ninao. Chanzo ninacho, tena na muhuri.
Kwenye jina nikasita, nikasema paachwe wazi.
Kalamu ikasubiri juu ya karatasi.
Bi Zamzam akaacha kukoroga chai.
"Hakuitwa kitu?" akauliza Bwana Maskarenhas.
"Hata na mtu mmoja?"

Nikamwambia.

Hakucheka. "Herufi mojamoja, tafadhali."
Kisha akaandika, kwa mwandiko wake wa tiketi za daraja la kwanza:
Nyau, wa Kisia. Meno mawili.
Akapuliza wino ukauke,
akamwita anayefuata.