Mpunga Mwitu, Mombo

Jani lile lile. Kimo kile kile.
Mpaka atoe suke, ndipo wekundu wa ndevu
unamsema. Na hapo keshapukutika,
keshajiwekea akiba kwenye tope la mwakani.

Msimu uliopita Shekiondo alikopa, akapuliza dawa.
Wakafa wote wawili:
dawa haijui nani mwana, nani mlowezi.

Safari hii Semeni kafungulia maji mapema,
jaruba tupu.
"Waacheni waote."
Wakaota, kijani cha kutamanisha.
Akawafukia kwa jembe, hata kuwaonea haya hakuwaonea.

Ndipo akavuta kamba, akapandikiza.
Aliye nje ya kamba hakualikwa.

Ila yupo mmoja, ndani ya mstari,
kasimama kama mwenyeji.
Semeni anampita.
Anarudi.
Hana hakika.