Rola Ishirini na Tatu

Maji ya Jericho huja Alhamisi, na leo ni Jumapili,
kwa hiyo nakuosha kichwa kwa kikombe,
nusu mtungi, mama, usitingishike.
Povu la kwanza linatoka na vumbi la barabara ya Jogoo,
la pili linatoka jeupe.
La tatu la nini, unasema, hiyo ni pesa.

Umeketi kwenye stuli ya jikoni,
taulo shingoni, viganja juu ya mapaja,
vidole vimejikunja kama tangawizi.
Miaka ishirini na sita vilisuka, vikachana, vikaseti Ngara nzima:
wake wa wachungaji, makarani wa benki,
maharusi walioingia wakilia wakatoka wakijitazama kwenye kila dirisha.
Leo havishiki hata kibanio.
Wewe ni mdomo, mimi ni mikono.

"Gawa kwa mkia wa kitana. Mstari unyooke.
Fungu lisizidi upana wa rola, Mumbua;
ukiwa na tamaa litakauka nje, libaki bichi ndani
kama chapati ya bibi harusi.
Losheni kidogo. Kidogo! Unapaka nywele, hupaki ukuta.
Vuta juu, wima, mpaka nisikie kwenye nyusi.
Ncha kwanza. Ncha ikijikunja vibaya
kichwa kizima kitakusema."

Nazungusha. Nakaza. Nabana.
Rola ya kwanza inaangukia sufuria ya ugali.
Ya pili naifungua mara tatu.
Kufikia ya tisa umeacha kunirekebisha,
nami naogopa kimya hicho kuliko makemeo.

Rola ni zako za zamani,
ulizookoa kwa mfuko wa nailoni
asubuhi ile tingatinga lilipokuja.
Uliacha kioo. Uliacha viti, na sinki uliyomaliza kulipia Machi.
Ukarudi nyumbani kwa miguu na rola,
za kijani, za waridi, meno yake bado yameshika nywele
za wanawake ambao wengine tumeshawazika.
Zilikuwa ishirini na nne.
Nahesabu tena, napapasa chini ya meza.
"Chukua moyo wa tishu ya choo," unasema,
fundi mzima wa Ngara, bila haya.

Kikaushio cha kuazima kwa Apondi kinanguruma kichwani pako
dakika kumi na moja,
kisha mita inalia ti-ti-ti, na giza.
Tokeni imekwisha. Kwenye simu nina shilingi kumi na tisa.

Nasema, tuzitoe, zimekaribia kukauka.
"Kukaribia si kukauka," unajibu gizani.

Basi unalala umeketi,
skafu ya satini imefungwa juu ya vilima hivyo,
nami nimejilaza sakafuni miguuni pako
nikisikia plastiki ikigongana
kila unapogeuza shingo.

Alfajiri nafungua moja. Shungi linashuka, linasita,
linajirudisha juu kama lililoitwa jina.
"Usichane," unasema. "Pitisha vidole tu."
Kisha, baada ya muda, "Vyako."

Huduma Senta ya Makadara, dirisha la nne.
Kitambulisho cha zamani kina msichana wa miaka kumi na minane
aliyenyolewa kwa matanga ya babake,
amekodoa macho kama anayedaiwa.
Miaka thelathini na minane, kila benki, kila geti lenye askari,
ulipoulizwa wewe ni nani
ulimtoa huyo.

Kijana wa kamera anapima, anarudi nyuma, anakohoa.
"Mama, nywele zinatoka nje ya picha."
Ni lile shungi la moyo wa tishu,
kubwa kuliko mengine, limelalia upande wake.
Nainua mkono nilisukume ndani.

"Liache," unasema,
macho kwenye kamera, kidevu juu.
"Litoke."