Funguo Huziweka Wapi

Kwa Nyabise, jirani yangu wa Bugarika,
mchele una kopo lake, choroko zina lao,
makopo ya kimo kimoja, yamesimama kama wanafunzi mstarini,
na kila moja lina karatasi kifuani, mwandiko wa kalamu nene:
SUKARI. CHUMVI. MICHEMBE. VIFUNGO VYA MASHATI.
Hata vifungo, jamani.

Nilirudi kwangu nikaionea haya meza yangu.
Jumamosi nikashuka Makoroboi,
nikanunua ndoo saba za buluu, mifuniko migumu
ya kukaza mpaka kidole gumba kiume.
Nikapanda nazo mlima, zimevaana zote saba kichwani.

Wiki ile nyumba ilinyamaza.
Ndalahwa aliingia akauliza, "Tumehama?"

Sasa sikiliza.
Kisichoonekana, kwangu mimi, hakipo.
Dagaa nilinunua mara tatu,
kila mara nikiapa hatuna.
Michembe ya mama mkwe, iliyotoka Magu kwenye kiroba,
ilishika ukungu ndani ya ndoo ya nne, kimyakimya.
Na kadi ya kliniki ya Holo!
Muuguzi ananitazama, mtoto analia mgongoni,
nami najibu, "Ipo. Ipo kwenye ndoo."
Ndoo ipi?
Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Kibaba chenyewe nilikuwa nimekifungia wapi?

Nikarudi Makoroboi na hasira zangu.
Muuza plastiki, kijana mmoja Bugumba,
hakuniambia kuna ndoo kubwa zaidi.
Aliuliza, "Mama, ukifika nyumbani jioni,
funguo huziweka wapi?"
"Kwenye kiti."
"Kiti kipi?"
"Kile cha mlangoni, chenye mguu mbovu."
"Na kanga?"
"Juu ya funguo."
Akacheka, akairudisha ile kabati ya droo
aliyokuwa ameshaanza kuifuta vumbi.
"Mkono wako ni wa kutupa, jicho lako ni la kutazama.
Mfuniko utakushinda, droo itakumeza.
Chukua beseni hili, liweke pale pale kitini.
Vya kula, tia kwenye chupa za kioo,
uone vinavyopungua."

Njiani, penye kona ya kupumulia,
niligeuka nikaitazama Mwanza kama mgeni:
jiwe juu ya jiwe, kubwa limeegemea dogo,
nyumba zimepenyezwa palipobaki upenyo,
kamba za nguo, mabati, moshi wa samaki,
hakuna kilichofichwa nyuma ya kingine kwa adabu.
Na chini kule ziwa, pana kuliko beseni lolote,
nalo hawakuliletea mfuniko.
Aliyepanga hapa, nikasema,
funguo zake naye huzitupa kitini.

Ndalahwa ni mwingine.
Risiti huzikunja mara nne, huzitia kopo la biskuti,
kopo ndani ya mkoba, mkoba uvunguni,
na usiku wa manane, umeme umekatika,
ukimwomba risiti ya redio atakuletea.
Akiliona beseni langu hupumua kwa pua tu.
Rafu tumeigawa kwa utepe:
kwake mifuniko, kwangu midomo wazi.
Usisafirie nyota ya mwenzio, husema watu wa pwani;
sisi nyota mbili tumezilaza kitanda kimoja,
na bado tunagombania utepe, maana unasogea.
Sijui nani anausogeza.
(Ni mimi.)

Ndoo za buluu?
Mbili zinachota maji.
Tatu nimezitoboa matako, zimeota nyanya mlangoni.
Moja aliazima Nyabise, akaibandika karatasi siku ile ile,
kwa hiyo si yangu tena.

Ya saba ina mfuniko wake bado.
Mna kitenge cha mama,
kile alichokivua mwenyewe hospitalini akanipa nikishike.
Nilikikunja, mimi nisiyekunja kitu.
Haina karatasi.
Sijawahi kuisahau ilipo.