Tabaka la Arobaini na Moja

Faili la Danguolė lilifika Kaunas asubuhi ya theluji chafu,
megabaiti mia tisa, likajikokota
kuliko yeye mwenyewe anavyoshuka Žaliakalnis kwa treni ya kamba.

Mfuga nyuki, mzinga wa mbao, nyasi, mtufaha.
Kazi: sekunde kumi na mbili za tangazo la ushirika wa asali.
Mzee ainue kifuniko, nyuki watoke,
jina la ushirika litokeze juu ya moshi. Basi.

Eimantas, wiki yake ya pili kazini,
aliulizwa na programu swali inalouliza kila siku
kwa herufi ndogo, bila hata hodi:
picha moja, au matabaka yote?
Akabonyeza jibu lililokuwa karibu na kidole.

Akaushika mkono wa mzee auinue,
dunia nzima ikainuka.
Mti, mzinga, mbingu,
mpaka nyasi zikaacha ukingo mweusi chini ya skrini.
"Mkono umeganda," alisema.
Haukuganda. Umekorogwa na kukaangwa pamoja na vingine,
na yai likishafika kikaangoni
usilidai kiini chake.

Futa. Lete tena.
Safari hii yalishuka moja moja,
sitini na matatu,
na hakuna hata moja lililoitwa "nakala ya nakala ya 4".
Danguolė huyapa majina kama mtu anayeandikisha watoto shule:
moshi mwepesi, moshi mkaidi,
kola, kola kwa ndani,
nyuki aliyechelewa.

Nikamwonyesha kijana kitovu cha mkono.
Programu hukiweka katikati ya fremu, popote pale,
haijui mifupa.
Kivute hadi begani. Polepole. Hapo.
Sasa mwambie mzee ainue.

Akainua.
Na pale mkono ulipokuwa umelalia kifua hapakuwa na tundu.
Palikuwa na kizibao kizima,
vifungo vinne, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine,
kifungo cha kuonekana robo sekunde
au kisionekane kamwe.
Eimantas aliushusha mkono, akaupandisha, akaushusha.

Kila tabaka lina kijicho chake pembeni.
La arobaini na moja lilikuwa limefumba.
Jina: Aldona.
Tukalifumbua.
Mwanamke ameketi nyuma ya mzinga, viatu kavivua,
anamenya tufaha kwa kisu kidogo.
Na kile kivuli kwenye nyasi,
tulichodhani tangu asubuhi ni cha mti,
kikapata mwenyewe.

Nilimpigia Danguolė. Birika lilikuwa linalia.
"Ushirika hawataki mtu wa pili," alisema. "Mfumbe."
Na kivuli?
Birika likaondolewa motoni.
"Kivuli hawakukitaja kwenye barua yao."

Saa kumi na moja jioni video ilikuwa tayari.
Mzee anainua, nyuki wanatoka,
aliyechelewa anachelewa.
Wenye asali walijibu kwa kidole gumba tu.

Kesho yake nilikuta folda ya zamani ya Eimantas iko wazi,
tabaka 1, tabaka 2, tabaka 2 nakala.
Ameanza kuyapa majina.
Amefika la tisa.